Mkimbizi ni Nani, na Yuko Mikononi mwa Nani?

Mwishoni mwa Januari 2025, barabara inayotoka Sake kwenda Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilijaa watu tangu alfajiri hadi usiku. Magodoro vichwani, watoto migongoni, sufuria zikigongana ndani ya viroba. Wengi hawakuwa wakikimbia kwa mara ya kwanza. Walikwisha kuhama Masisi au Rutshuru miezi na hata miaka kadhaa nyuma, wakaishi chini ya maturubai pembezoni mwa Goma, na sasa vita viliwafuata huko huko. Tarehe 27 Januari waasi wa M23 waliingia mjini.

Redio na magazeti ya Kiswahili huwaita watu wa aina hii kwa majina mengi: wakimbizi, wakimbizi wa ndani, waliohama makwao, mara nyingine hata wahamiaji. Msikilizaji aliyeko Dar es Salaam au Mombasa anaweza kudhani anasimuliwa habari za makundi manne tofauti. Mara nyingi ni familia moja, iliyobadilishwa jina kila ilipobadilisha mahali pa kulala.

Majuma machache baadaye tofauti ya majina ikawa tofauti ya maisha. Waliovuka mto Rusizi, upande wa Kivu Kusini, mwezi Februari na kuingia Burundi, wengine kwa kuogelea, walipokewa kama wakimbizi. Hali ilikuwa mbaya mno: maelfu walirundikana katika uwanja wa mpira wa Rugombo, mkoani Cibitoke, vyoo haba na chakula haba. Hata hivyo, kisheria Burundi haikuruhusiwa kuwasukuma warudi kwenye risasi. Waliobaki Goma, katika kambi kama Bulengo, waliamriwa na waasi wale wale waliokuwa wakiwakimbia kuondoka ndani ya saa 72. Vibanda vikabomolewa. Vita vilikuwa vile vile na hasara ile ile; kilichowatenganisha ni mto.

Je, mto unastahili kuwa na uzito huo? Na aliyevuka, pamoja na asiyevuka, waishi vipi mpaka vita viishe?

Neno moja, mikataba mitatu

Mzizi wa neno mkimbizi ni kukimbia. Kiswahili hakimwulizi mtu amekimbilia wapi. Aliyetoka Rutshuru akaishia Goma amekimbia, na aliyetoka Rutshuru akaishia Nakivale, Uganda, naye amekimbia. Ndiyo maana msemaji wa kawaida haoni kasoro yoyote katika maneno "mkimbizi wa ndani", ingawa kwa mwanasheria maneno hayo yanapingana.

Kwa mwanasheria, jambo la kwanza ni mpaka. Mkataba wa Geneva wa 1951 uliandikwa kwa ajili ya watu walioachwa bila makao na Vita vya Pili vya Dunia, na ulihusu matukio ya kabla ya 1 Januari 1951 tu, hadi Itifaki ya 1967 ilipokiondoa kikomo hicho. Unamtambua mkimbizi kuwa ni mtu aliye nje ya nchi yake, mwenye sababu ya kuhofia kuteswa kwa ajili ya asili yake, dini yake, uraia wake, kundi lake la kijamii au msimamo wake wa kisiasa. Kifungu cha 33 kinakataza kumrudisha mahali ambapo uhai au uhuru wake utakuwa hatarini. Ukiisoma orodha ile kwa makini utagundua kwamba vita vyenyewe havimo. Mkulima aliyekimbia mizinga, bila mtu yeyote kumlenga yeye kwa jina wala kwa dini, angeweza kukataliwa.

Afrika iliziba pengo hilo. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 uliongeza uvamizi kutoka nje, ukaliaji wa nchi kwa mabavu, na matukio yanayovuruga sana usalama wa umma, hata kama yametokea katika sehemu tu ya nchi. Ni mkataba uliozaliwa wakati wa vita vya ukombozi, na hadi leo ndio unaomwezesha Mkongomani kupokewa Kigoma, Tanzania, au Kisoro, Uganda, bila kutakiwa kuthibitisha kwamba kuna mtu anayemwinda yeye binafsi.

Asiyevuka mpaka aliachwa nje ya mikataba yote miwili. Dhana ilikuwa kwamba yeye ni raia, na raia ana serikali yake. Ilichukua hadi 1998 kwa Umoja wa Mataifa kupokea miongozo kuhusu wakimbizi wa ndani, iliyoandaliwa chini ya Francis Deng, mwanadiplomasia kutoka Sudan; na miongozo haibani kama mkataba unavyobana. Hapo tena Afrika ilitangulia. Mkataba wa Kampala ulipitishwa Oktoba 2009 na kuanza kutumika Desemba 2012, Uganda ikiwa nchi ya kwanza kuuridhia. Ni mkataba wa kwanza wa bara zima unaozibana serikali kisheria kuhusu watu waliohamishwa ndani ya nchi zao. Kifungu chake cha 7 kinayagusa hata makundi yenye silaha: yamekatazwa kuwahamisha watu kwa nguvu, na wanachama wake wanaweza kushtakiwa kwa kosa la jinai.

Mhamiaji ni jambo jingine kabisa. Anayeondoka kutafuta kazi Muscat au kusoma Nairobi anaweza kuwa na dhiki kubwa, lakini balozi wa nchi yake ni msaada kwake, na akitaka kurudi atarudi. Kumwita mkimbizi mhamiaji ni kumvua kinga yake kwa ulimi. Wanasiasa wengi wa Ulaya wanalijua hilo, na wanalitumia.

Takwimu zinaonyesha jinsi kundi lisilovuka lilivyo kubwa. Mwishoni mwa 2024, kwa hesabu za Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR), watu milioni 123.2 duniani walikuwa wamelazimika kuhama makwao kwa sababu ya vita, mateso na ghasia. Milioni 73.5 kati yao walikuwa bado ndani ya nchi zao. Na hao waliovuka, theluthi mbili hivi waliishia kwa jirani. Picha ya mashua iliyofurika watu katika Bahari ya Mediterania imewafanya wengi waamini kwamba wakimbizi wa dunia wanaelekea Ulaya. Walio wengi wanaelekea kijiji cha pili.

Kwa nini Kivu inakimbia tena na tena

Kivu Kaskazini ni mahali ambapo takriban kila aina ya mkimbizi imepita, na historia yake inaeleza kwa nini majibu mepesi hayafai.

Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu wanaokaribia milioni moja waliingia Goma katika siku chache. Kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu katika majuma ya kwanza. Ndani ya umati ule walikuwemo askari wa serikali iliyoshindwa na wanamgambo wa Interahamwe, ambao waliziteka kambi, wakagawa chakula cha msaada walivyotaka na kujiandaa kwa mashambulizi mapya. Novemba 1994 tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) lilijitoa, likikataa kuwalisha wauaji. Mwishoni mwa 1996 kambi zilivunjwa kwa mtutu wa bunduki, na vita vya kwanza vya Kongo vikaanza hapo hapo. Yeyote anayejiuliza kwa nini serikali za ukanda huu huitazama kambi ya wakimbizi kwa jicho la usalama kwanza, jibu kubwa liko Goma ya miaka ile miwili.

Tangu hapo sababu zimepandana. Kuna ugomvi wa ardhi na wa uraia, hasa kuhusu jamii zinazozungumza Kinyarwanda. Kuna madini, kama koltani ya Rubaya, ambayo M23 iliikalia mwaka 2024. Kuna mkono wa majirani: wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti mara kwa mara kwamba Rwanda inaiunga mkono M23, Rwanda inakanusha na kuelekeza kidole kwa FDLR, waasi wa Kinyarwanda walioko Kongo. Kuna jeshi dhaifu la taifa na makundi ya wapiganaji yanayozidi mia moja. M23 iliwahi kuiteka Goma Novemba 2012, ikashindwa mwaka uliofuata, ikaibuka tena mwishoni mwa 2021. Kila wimbi limeacha watu wengine barabarani, hadi idadi ya wakimbizi wa ndani nchini Kongo ikapita milioni 7.

Kuna kosa moja la kufikiri ambalo mchambuzi yeyote wa vita hivi hana budi kuliepuka, nalo ni kudhani kwamba kukimbia ni matokeo tu ya mapigano. Mara nyingi kukimbia ndiko kulikokusudiwa. Kijiji kikiwa kitupu, shamba linapata mmiliki mpya, malisho yanapata ng'ombe wengine, na mgodini habaki mtu wa kuuliza maswali. Hilo likieleweka, suala la kurudi linakuwa gumu zaidi, na tutalirudia.

Maisha ya waliokimbilia pembezoni mwa Goma yalikuwa juu ya mwamba. Kanyaruchinya iko chini ya mlima Nyiragongo, ambako ardhi ni lava iliyoganda: nyeusi, yenye ncha, inayokata kandambili. Jembe likipigwa linadunda. Shimo la choo halichimbiki, kwa hiyo vyoo vilijengwa juu ya ardhi, vikajaa upesi, na mvua iliponyesha kila kitu kilitiririka kuelekea vibandani. Vibanda vyenyewe vilikuwa fito zilizokunjwa na kufunikwa turubai, vifupi kiasi kwamba mtu mzima aliingia akiwa ameinama. Kuni zilipatikana msituni Virunga, na waliozifuata walikuwa wanawake na wasichana. Mwaka 2023 MSF ilihudumia zaidi ya waathirika 25,000 wa ukatili wa kingono nchini Kongo, walio wengi mno wakiwa Kivu Kaskazini. Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za Mugunga na Lac Vert.

Na hao ndio walioonekana. Wakimbizi wa ndani walio wengi nchini Kongo hawako kambini. Wako kwa shangazi, kwa binamu, kwa waumini wenzao. Nyumba ya watu sita inakuwa ya kumi na tano, na debe la unga lililotarajiwa kudumu mwezi linaisha wiki ya pili. Huyo mwenyeji hayumo katika orodha ya mtu yeyote.

Kinga moja kwa wote?

Wapo wanaosema tofauti hii kati ya aliyevuka na asiyevuka ifutwe. Njaa haina mpaka, wanasema, na asiyevuka huenda yuko katika hatari kubwa zaidi kwa sababu bado amezungukwa na wapiganaji. Hoja hii ina nguvu. Ndiyo iliyosababisha Umoja wa Mataifa, mwaka 2005, kugawa upya majukumu ya misaada na kuipa UNHCR sehemu kubwa ya kazi ya kuwalinda wakimbizi wa ndani wa vita, ingawa shirika hilo lilianzishwa kwa ajili ya waliovuka tu.

Upande wa pili una hoja mbili. Ya kwanza ni mamlaka ya nchi: serikali nyingi hazitaki mgeni aje kuzihoji kuhusu raia wao. Ni hoja inayosikika kila mahali, na udhaifu wake uko wazi, kwani anayeitoa mara nyingi ndiye anayeshiriki vita vyenyewe. Sudan, nchi yenye watu wengi zaidi duniani waliohamishwa na vita tangu mapigano ya Aprili 2023, inaonyesha hilo: pande zote mbili zimetumia vibali na vizuizi vya barabara kuamua nani ale.

Hoja ya pili ni nzito zaidi na haisemwi vya kutosha. Ikikubalika kwamba mtu anaweza kulindwa vizuri ndani ya nchi yake, nchi jirani na za mbali zitapata kisingizio cha kufunga mipaka: kaa huko huko, tutakuletea msaada. Aprili 1993 Baraza la Usalama liliitangaza Srebrenica, Bosnia, kuwa eneo salama. Julai 1995 wanaume na wavulana zaidi ya 8,000 waliuawa baada ya mji huo kutekwa, mbele ya kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichoshindwa kuwalinda. Eneo salama ambalo hakuna mtu aliye tayari kulipigania ni mtego, kwa kuwa linawakusanya watu mahali pamoja.

Kwa hiyo tofauti ya kisheria inafaa kubaki katika jambo moja: haki ya kuvuka na kutorudishwa. Katika chakula, dawa, shule na hati za utambulisho haina sababu ya kuwepo.

Kambi, makazi au mtaa

Mabishano makubwa ya Afrika Mashariki yanahusu kinachofuata baada ya mtu kuvuka. Hapa kuna njia tatu, na bahati ya mchambuzi ni kwamba Tanzania, Kenya na Uganda zimezijaribu zote, mara nyingine nchi moja ikijaribu mbili.

Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilichagua makazi. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, mbali na mpaka, wakapewa ardhi ya msitu na majembe. Katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wanajilisha, wanalipa kodi na kuuza ziada. Mwaka 1983 Nyerere alipewa tuzo ya Nansen, inayotolewa na UNHCR. Mwaka 2007 wakimbizi hao walipewa nafasi ya kuchagua kati ya kurudi na kuomba uraia. Wanne kati ya watano hivi walichagua uraia. Zaidi ya watu 162,000 waliupata, ingawa vyeti vyao vilikawia hadi Oktoba 2014, kwa sababu serikali ilitaka kwanza wasambae mikoa mingine na mikoa hiyo haikuwa tayari. Ni mfano ambao dunia inautaja hadi leo.

Nchi hiyo hiyo ilibadilika. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994, robo milioni hivi ya Wanyarwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 wakaingia wilaya ya Ngara. Hakuna wilaya inayoweza kulibeba hilo. Miti iliisha kwa kilomita nyingi kuizunguka kambi ya Benaco. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 ikaja na kambi, vibali na vizuizi. Katika Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyofunguliwa 1996 kwa Wakongomani, mkimbizi haruhusiwi kwenda zaidi ya kilomita 4 bila kibali. Mwaka 2018 Tanzania ilijiondoa katika mpango wa kimataifa uliolenga kuwajumuisha wakimbizi katika maendeleo, ikitaja usalama na fedha zisizofika. Katika miaka hiyo masoko ya pamoja kambini, ambako Mrundi alinunua mihogo ya Mtanzania na Mtanzania akanunua sabuni na vitenge, yalifungwa.

Wanaotetea kambi wana haki ya kusikilizwa. Mei 2015, ghasia za Burundi zilipowasukuma makumi ya maelfu hadi Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, kipindupindu kilizuka mara moja. Barabara haikuwepo. MV Liemba, meli kongwe iliyoundwa Ujerumani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwachukua mia kadhaa kwa kila safari hadi Kigoma. Ni mfumo wa kambi ulioruhusu watu hao kuhesabiwa, kuchanjwa na kulishwa haraka. Kambi inafaa kwa dharura. Shida ni kwamba dharura inaisha na kambi inabaki. Dadaab, Kenya, ilianzishwa 1991 na imelea watoto ambao sasa ni wazazi, na ambao hawajawahi kuishi mahali pengine.

Kenya nayo imeyumba kati ya hasira na mageuzi. Mei 2016 serikali ilitangaza kwamba itaifunga Dadaab, ikidai kuwa magaidi wanajificha humo. Februari 2017 Mahakama Kuu ikabatilisha uamuzi huo kuwa kinyume cha katiba. Wakati huo huo, utafiti wa IFC, shirika la Kundi la Benki ya Dunia, uliotolewa 2018 ulikuta biashara zaidi ya 2,000 katika Kakuma, kwenye soko lenye thamani ya dola milioni 56 kwa mwaka: maduka ya jumla, vinyozi, wauza simu, mikahawa ya Waethiopia. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 na mpango uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, zinataka kugeuza kambi kuwa makazi ya pamoja na wenyeji. Waturkana, wenyeji wa Kakuma, wanauliza swali la haki: ardhi hiyo ni ya nani, na wao watapata nini?

Uganda imekwenda mbali zaidi. Sheria yake ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, kutembea nchini, kusomesha watoto katika shule za serikali na kutumia kipande cha ardhi. Mkongomani anayevuka Bunagana hupokelewa Nyakabande, Kisoro, kisha hupelekwa Nakivale au Kyaka II, au hujiendea Kampala akauza vitenge mjini. Watafiti wa Oxford walikuta mwaka 2014 kwamba mkimbizi mmoja kati ya watano mjini Kampala alikuwa ameajiri angalau mtu mmoja, na asilimia 40 ya walioajiriwa walikuwa Waganda. Takwimu hiyo moja inajibu malalamiko mengi ya kijiweni kuhusu wakimbizi kula kazi za wenyeji.

Lakini Uganda isifanywe malaika. Bidibidi, iliyofunguliwa Agosti 2016 kwa Wasudan Kusini, ilijaa watu zaidi ya 270,000 katika miezi michache, na shamba walilogawiwa lilikuwa takriban mita 30 kwa 30, mara nyingi lenye mawe. Hicho ni kiwanja cha nyumba na matuta mawili ya mboga, hakilishi familia. Mwaka 2018 uhakiki ulionyesha kwamba idadi ya wakimbizi ilikuwa imezidishwa kwa laki tatu hivi, na wafadhili wakakasirika. Uhuru wa kulima bila ardhi ya kutosha, na uhuru wa kufanya kazi mahali ambapo hakuna ajira, ni uhuru wa nusu. Hata hivyo nusu hiyo inamruhusu mtu kuondoka aende kujaribu bahati kwingine, na hilo ndilo Nyarugusu haimruhusu.

Anayelipa

Mfumo wa ukanda huu ulijengwa juu ya maafikiano yasiyoandikwa: nchi maskini itatoa ardhi, nchi tajiri itatoa fedha. Upande wa pili umelegea. Juni 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilipunguza mgao katika kambi za Tanzania hadi nusu. Tangu Marekani ilipositisha misaada yake ya nje Januari 2025, upungufu umefika kila mahali; Julai mwaka huo wakimbizi wa Kakuma waliandamana kwa sababu ya njaa.

Ni nani wa kulaumiwa serikali ya Dodoma au Kampala inaposema haiwezi peke yake? Katika hili, serikali hizo zina haki. Machi 2022 Umoja wa Ulaya uliwafungulia mlango mamilioni ya Waukraine kwa utaratibu wa kinga ya muda, wakapata haki ya kukaa na kufanya kazi bila kukalishwa kambini kwa miaka. Ilikuwa hatua njema, na inathibitisha kwamba inawezekana. Ulaya hiyo hiyo ikiitaka Kigoma iwe na moyo mkunjufu huku ikipunguza mchango wake, maneno yake hayana uzito.

Hapo hapo, fedha haba haziwezi kuhalalisha kufunga soko la kambi. Kumzuia mtu asifanye biashara ndiko kunakomfanya awe mzigo. Mkulima wa Kasulu aliyekuwa akiuza mihogo kwa wakimbizi alipoteza wateja siku ile ile wakimbizi walipopoteza chakula.

Kurudi nyumbani

Serikali zote, na wakimbizi walio wengi, wanakubaliana kwamba kurudi ndilo suluhisho bora. Mkataba wa 1969 unasisitiza kwamba kurudi kuwe kwa hiari. Ugomvi uko katika neno hiari.

Desemba 1996 serikali ya Tanzania na UNHCR zilitoa tamko la pamoja: Wanyarwanda wote wawe wamerudi ifikapo mwisho wa mwezi. Wengi walijaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi, wanajeshi wakawageuza. Karibu nusu milioni walirudi Rwanda. Watetezi wa uamuzi ule wanasema kambi zilishikwa mateka na wauaji na hakukuwa na njia nyingine ya kuwatenganisha na raia. Wapinzani wanasema hakuna aliyeulizwa mmoja mmoja kama ana sababu ya kuogopa. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana tukio lile bado linauma.

Kenya ina funzo lake kuhusu wakimbizi wa ndani. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwahamisha watu zaidi ya laki sita. Mei 2008 serikali ilizindua Operesheni Rudi Nyumbani, ikiahidi kila kaya shilingi 10,000 za kuanzia maisha na 25,000 za kujengea. Kambi zilifungwa upesi kwenye makaratasi. Watu wengi walihamia viwanja vidogo karibu na mashamba waliyoogopa kulala ndani yake, wakaendelea kuishi chini ya maturubai kwa miaka. Kenya ilipata sheria ya wakimbizi wa ndani mwaka 2012, miaka minne baada ya operesheni.

Burundi nayo ilijifunza kwamba amani haimrudishii mtu shamba. Wale wa 1972 waliochagua kurudi walikuta ardhi yao ina watu waliozaliwa hapo, wenye watoto na makaburi. Tume ya ardhi iliyoundwa 2006 ilihangaika na kesi hizo kwa miaka mingi, na kila uamuzi wake ulimfanya mtu mmoja apate kwao na mwingine awe mkimbizi katika kijiji chake.

Kwenye mizani

Katika kila moja ya majaribio haya, hali ya mkimbizi imetegemea zaidi anayeshika maisha yake kuliko mahali alipo. Katika Mishamo ya miaka ya 1980 alijishika mwenyewe, kwa jembe lake. Katika Nyarugusu anashikwa na kadi ya mgao. Katika Bulengo alishikwa na kundi lenye silaha ambalo hakuna mahakama iliyo tayari kuliita.

Kwa mzani huo, njia ya makazi na kazi inashinda kambi, hata kwa masilahi ya mwenyeji, mradi fedha zifike pia kwenye zahanati na visima vya vijiji vinavyopakana. Kambi ibaki kuwa ya miezi ya mwanzo. Hoja ya usalama iheshimiwe pale inapohusu kuwatenga wapiganaji na raia, kazi ambayo Goma ya 1994 ilihitaji na haikuipata. Isitumike kumzuia mjane asivuke kilomita ya tano kwenda kuuza nyanya. Mpaka ubaki na nguvu yake ya kumkinga aliyevuka. Na kwa asiyevuka, pengo kubwa si la maandishi tena. Mkataba wa Kampala upo, kifungu cha 7 kipo. Anayekosekana ni wa kumfikisha mkosaji mbele ya sheria.

Makubaliano ya Kongo na Rwanda yaliyotiwa saini Washington tarehe 27 Juni 2025 yanazungumzia kurudi kwa wakimbizi na wakimbizi wa ndani. Mtu wa Rutshuru aliyekaa juu ya lava ya Kanyaruchinya, kisha akaambiwa aondoke Goma ndani ya saa 72, atakuwa na maswali yake kabla ya kufunga virago tena. Nani analima shamba lake sasa? Nani anashika bunduki kwenye kizuizi cha barabara inayokwenda huko? Na akisema bado anaogopa, kwamba angependa kungoja msimu mmoja zaidi, je, jina lake litabaki kwenye orodha ya chakula?